Kuingia juu si mbwembwe: injini inapozima karibu na uwanja

Maikrolaiti, yaani ndege ndogo nyepesi, ikizimikiwa injini inapokaribia kutua, kijiweni watu hukimbilia kuuliza kwa nini ilizima. Lakini kilichoamua kama rubani atatoka mzima ni jambo jingine: ilizima akiwa juu kiasi gani, na umbali gani kutoka njia ya kurukia.

Wapo marubani wanaoshuka polepole kwa mteremko mrefu, injini ikivuta kidogo kidogo, kama zifanyavyo ndege za abiria. Wengine hubaki juu mpaka uwanja uwe karibu, ndipo wapunguze mafuta na kuteremka kwa mwinuko mkali. Hawa wa pili ndio wanaoambiwa wana mbwembwe.

Tupige hesabu. Mteremko wa ndege za abiria ni nyuzi 3, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 19 za kwenda mbele. Maikrolaiti iliyozimikiwa injini, tuseme, hunyiririka mita 8 kwa kila mita 1 inayoshuka. Nyingine huzidi kidogo, nyingine hazifiki. Ukifuata nyuzi 3, kilomita 1 kabla ya njia uko juu mita 52 tu. Injini ikizima hapo, unafika mita 420 hivi. Zinabaki 580. Ukiwa unashuka kwa kilomita 90 kwa saa, na upepo wa kilomita 18 unakupiga usoni, hata hizo 420 hupungua hadi kama 340. Kuvuta pua juu ili "uongeze" umbali hakusaidii: kasi inaisha, bawa linapoteza hewa, na kwa mita 50 hakuna nafasi ya kulirudisha.

Mwanza hesabu hii ina uzito wake. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo anayetua akiukabili anaingia akitokea juu ya maji. Mchana upepo hugeuka, naye anaingia juu ya mapaa na majabali. Mita 580 zinazopungua asubuhi ni za ziwa. Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa ikigusa maji, magurudumu hunasa na ndege hupinduka. Unajikuta kichwa chini, umening'inia kwenye mikanda. Boya la kuvaa liwe mwilini kabla ya kuruka, na lisijazwe hewa mpaka uwe umetoka nje, maana likijaa ndani linakubana humo humo. Na tusidanganyane kuhusu uokoaji: ndege ya abiria ilipoingia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, kwa sababu nyingine kabisa, wavuvi ndio waliowahi.

Wanaotetea mteremko mrefu wana hoja, na hoja yao nzito inahusu injini yenyewe. Ukipunguza mafuta kabisa na kushuka hivyo kwa dakika kadhaa, unaweza kuiua kwa mkono wako. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, pale inapochanganywa na hewa, joto la kooni mwake hushuka, hata kwa zaidi ya nyuzi 20. Kwa hiyo hewa yenye unyevu mwingi, hata ya nyuzi 25, inaweza kugandisha barafu, hasa mlango wa hewa ukiwa karibu kufungwa. Asubuhi ya ziwani ndiyo hewa yenyewe. Injini hukohoa, hutetemeka, kisha kimya. Mafundi wakifika barafu imeshayeyuka, kabureta ni safi, petroli ipo, plagi nzima, na lawama zinamwangukia rubani.

Injini ya Rotax 582, ya kuchanganya oili na petroli, ina tatizo jingine. Maji yake ya kupoza yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 65 na 80. Ukiiacha ipoe kwenye mteremko kisha ukaifungulia ghafla, pistoni hutanuka haraka kuliko silinda, zinakwama. Isitoshe, uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa ni nyepesi kama ya mita 1,900: kipimo cha kasi kikisoma kilomita 90, ndege inakwenda karibu 99. Mwanafunzi anayeshuka kwa mwinuko mkali huona ardhi inamjia mbio, akachelewa kuinua pua.

Yote hayo ni kweli, ila yana dawa, na dawa hizo zinafanyika ukiwa bado juu. Kifaa cha kupasha kabureta joto, kama ndege inacho, kinawashwa kabla ya kupunguza mafuta, si baada ya injini kukohoa. Mafuta hayafungwi kabisa. Unaacha injini ivute kidogo, na kila mita 100 hivi unazoshuka unaifungulia taratibu kwa sekunde chache huku ukisoma joto la maji. Kufungulia huko hakuyeyushi barafu, ila kunakuambia kama injini bado iko nawe wakati ungali na urefu wa kuamua. Kuinua pua kwa wakati kunafundishika. Mita 580 zinazopungua hazina dawa, na mtengenezaji mwenyewe wa 582 anaonya kwamba injini hiyo inaweza kuzima ghafla wakati wowote.

Hofu ya kupitiliza njia inaeleweka kwenye viwanja vifupi vya nyasi. Mwanza, penye njia ya zaidi ya mita 3,000, ukigusa mita 400 ndani bado una lami kuliko unavyohitaji. Geuka kuelekea njia ukiwa na mita 150 za urefu, usiwe mbali zaidi ya mita 900, ukihesabu na kona yenyewe. Ukiomba mnara ruhusa ya kufupisha mzunguko, sema mapema, kabla ndege kubwa haijapangwa nyuma yako.