Ripa isiyofuata kontua huchimba korongo

Ukitaja makorongo ya Kondoa, lawama huenda moja kwa moja kwa mifugo. Ndiyo maana mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulioanza 1973, mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika. Mimi nasema plau nayo ina kesi ya kujibu, na ripa, zana ya ncha nyembamba inayopasua mstari bila kugeuza udongo, inaweza kuchukua nafasi yake.

Plau ikipita kina kilekile kila msimu hushindilia tabaka gumu chini yake. Mvua zetu ni chache, lakini hunyesha kwa kishindo. Maji yakigota kwenye tabaka hilo hushuka na udongo uliolainishwa juu.

Ili kupata ripa, si lazima kununua zana nzima. Fungua jembe la plau na bawa linalogeuza udongo, acha mti (nguzo ndefu ya plau), mikono na gurudumu, kisha funga ripa mahali pake. Ncha ikilika, fundi anaweza kufua nyingine kwa springi kuukuu ya gari. Awe mwangalifu tu: chuma kikipozwa ghafla kikiwa chekundu mno, hukatika kwenye jiwe la kwanza.

Lenga kina cha sentimita 20 hadi 25. Ripa ikielea juu juu, refusha mnyororo au pandisha kiungio chake tundu moja. Maksai wa Novemba wamekonda, kwa hiyo pita mara mbili kwenye mstari uleule, kwanza sentimita 10 tu. Nira nayo ibadilike: kwa mistari ya sentimita 75, shingo hadi shingo iwe sentimita 150, ili ng'ombe mmoja atembee ndani ya mfereji uliopita na nafasi ijipime yenyewe.

Kosa linaloniuma ni kupasua mistari kufuata mteremko badala ya kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko. Hapo kila mstari ni mfereji wa kusafirishia udongo, na ni afadhali kuberega (kupanda bila kulima) kuliko hivyo. Kontua hupimwa kwa fremu A. Hiyo ni fito mbili za mita 2 zilizounganishwa juu, kipande cha kuzifunga katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka juu. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa kipande hicho, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Tembea nayo shambani ukipigilia vigingi, kisha ng'ombe wafuate vigingi hivyo.

Ukiinua matuta, yafunge kwa vizuizi kila mita 2 au 3, na kimo cha kizuizi kiwe chini ya cha tuta. Kikilingana nalo, mvua kubwa hupasua tuta lenyewe, na la chini yake halitapona.

Ripa haiui magugu. Asiye na nguvu kazi ya palizi ndani ya wiki tatu aanze na nusu eka.

Mabua ya mtama yalazwe kati ya mistari. Hapa kijiji kinapaswa kukaa kikao kabla ya mavuno na kukubaliana ni mashamba gani yatafungwa, kwa sababu kwa desturi yetu shamba likishavunwa ni malisho ya wote, na ng'ombe hawabakizi bua.