Mtihani wa udereva urefushwe, au dereva mpya awekewe mipaka?

Nchini Uingereza, ambako mtihani wa udereva ulifanywa wa lazima mwaka 1935, sehemu ya barabarani huchukua dakika 40 hivi. Kuna nchi ambako ni mfupi zaidi. Unafanyika mchana, gari halina abiria wala mzigo, na mtahini ndiye anayechagua njia. Katika nchi nyingi, mtu akishafaulu anaweza usiku huohuo kujaza gari watu watano na kuingia barabara kuu mvua ikinyesha. Hayo yote hakuna aliyemwona akiyafanya.

Wapo wanaosema dawa ni kuongeza masomo kwenye mtihani. Wengine wanajibu kwamba udereva hufundishwa na barabara, na leseni ni ruhusa tu ya kuanza kujifunza. Mabishano haya hayaishi kwa sababu wanaobishana wanazungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja. Kuna maarifa ambayo dereva anayakosa kwa kuwa hakuna aliyemwambia, na kuna maamuzi ambayo hata akiambiwa mara mia hayamkai mpaka ayafanye.

Kwenye maarifa, wanaotaka mtihani urefushwe wana haki kabisa. Chukua breki za ABS, yaani zile zinazozuia matairi yasijifunge. Dereva mpya akikanyaga kwa ghafla, pedali inatetemeka chini ya mguu, naye anaachia akidhani kuna kitu kimevunjika. Mwingine anapampu, kwa kuwa ndivyo alivyosikia kwa madereva wa zamani. Kupampu kulikuwa na maana kwenye magari ambayo matairi yake yalijifunga na kuburuzika. ABS inafanya kazi hiyo yenyewe, mara nyingi kwa sekunde, na inachotaka kwako ni mguu ulioshindilia bila kuachia. Faida yake kubwa ni kwamba usukani unaendelea kutii, hivyo unaweza kukwepa huku umekanyaga breki. Ni somo la dakika kumi kwenye uwanja mtupu.

Mteremko mrefu ni mfano mwingine, na huu unaua. Anayeshuka mguu ukiwa juu ya breki muda wote anazipasha moto pedi, joto linahamia kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kupungua. Kinga yake ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu katikati ya mteremko, gari likiwa limeshashika kasi, gia hiyo inaweza isikubali. Gari la otomatiki nalo lina nafasi za gia ndogo kwenye mkono wake, ingawa wapo wanaoliendesha miaka bila kuzigusa.

Kubadilisha tairi nako hakuhitaji uzoefu, kunahitaji kuonyeshwa mara moja. Nati hulegezwa tairi likiwa bado chini, maana likishanyanyuliwa litazunguka pamoja na spana, na ukilazimisha unaweza kulitoa gari kwenye jeki. Wakati wa kufunga, kaza nati moja kisha iliyo upande wa pili, usifuate duara, ili rimu ikae sawa. Shusha gari, kaza kwa nguvu, halafu hakikisha tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Spea nyembamba kwa kawaida huandikwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na hicho si mapambo.

Wanaotetea mtihani mfupi husema vitu hivi vikiingizwa vitakaririwa na kusahaulika. Huenda. Lakini aliyesahau akikumbushwa huelewa haraka, na nusu siku ya mafunzo si gharama ya kupigia kelele.

Kwenye maamuzi hesabu inageuka. Tuseme lori la mita 16 linakwenda kilomita 80 kwa saa, nawe unalipita kwa 100. Unaanza mita 25 nyuma yake na unarudi upande wako mita 25 mbele yake. Ukijumlisha na urefu wa gari lako, unapaswa kulizidi lori kwa takriban mita 70. Tofauti ya mwendo ni kilomita 20 kwa saa, sawa na mita 5.6 kwa sekunde, kwa hiyo utakuwa upande usio wako kwa sekunde 12 hadi 13 na utatembea mita 350. Gari linalokuja nalo likiwa kwenye 100 litakuwa limetembea mita 350 zake. Maana yake unahitaji mita 700 za barabara unayoiona. Hesabu hii inaingia kwenye somo la darasani bila shida. Kisichoingia ni foleni ya magari matano nyuma yako, taa zinazokuwashia kukuharakisha, na rafiki aliye kiti cha mbele anayesema "pita, kuko wazi." Mtahini hana namna ya kupima hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe kwa kukaa pale anamfanya dereva awe mpole. Na anayebaki nyuma ya lori kwenye mtihani hafelishwi.

Usiku ni hivyohivyo. Taa zikiwa zimeinamishwa zinaonyesha barabara vizuri kwa mita 50 hivi. Kwenye kilomita 90 kwa saa, sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 37, na breki kwenye lami kavu mita nyingine 45. Utakifikia kitu kabla hujasimama. Kwenye 60, jumla hiyo inashuka hadi mita 45 hivi.

Je, mafunzo zaidi hayatibu? Hapa rekodi inawasuta wanaotaka mtihani urefushwe. Katika kaunti ya DeKalb, jimbo la Georgia nchini Marekani, jaribio lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 lilihusisha wanafunzi wapatao 16,000, na kozi ndefu haikuleta punguzo la ajali lililodumu. Norway ililazimisha mafunzo ya kudhibiti gari linaloteleza, na ajali za vijana wa kiume zikaongezeka badala ya kupungua. Aliyejifunza kulirudisha gari linapoteleza hupata ujasiri wa kwenda mahali linapoteleza.

Njia nyingine ni mipaka. New Zealand, mwaka 1987, ilianza kutoa leseni kwa hatua: dereva mpya hakuruhusiwa kuendesha peke yake kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, wala kubeba abiria bila msimamizi. Mfumo huu una kasoro zake, na watetezi wake huzipitia juujuu. Unamwumiza anayefanya kazi za zamu ya usiku. Tena marufuku peke yake haifundishi: aliyezuiwa usiku mwaka mzima atakuwa mgeni wa usiku siku atakaporuhusiwa.

New South Wales nchini Australia inatoa jibu ninaloliona bora. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 25 huandikisha saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi, na 20 kati yake ziwe za usiku. Huo usiku anaukuta kabla ya mtihani, akiwa na mtu wa kumwambia aangalie ukingo wa barabara badala ya taa zinazomjia. Ugumu unabaki kwa asiye na gari nyumbani wala ndugu mwenye leseni na muda. Kwake saa 120 ni za kulipia, na hapo ndipo wanaopinga wana hoja ambayo bado haijajibiwa.