Na risiti au bila risiti, dada'angu?

Jumamosi nimeenda Gerezani, hapa Dar, kutafuta tailizi za jikoni, fundi kaniandikia boksi 20 kwenye kipande cha mfuko wa simenti. Nimeingia duka la kwanza, kijana hata salamu hajaimaliza: "Na risiti au bila risiti, dada'angu?" Kama vile ananiuliza chai ya maziwa au ya rangi. Bila risiti boksi 25,000, na risiti 29,500. Yaani laki tano, au laki tano na tisini. Nikasema sawa, nataka na risiti na nalipa kwa lipa namba. Akacheka kabisa. "Cash tu dada'angu, lipa namba leo mtandao unasumbua."

Sasa hiyo 90,000 ndiyo imeninyima usingizi, siyo kwa sababu ni nyingi (ni nyingi lakini), ila kwa sababu ya lile swali. Kwamba mimi ndo naulizwa! Kodi ya serikali imegeuka kachumbari, unaweka ukipenda.

Tuanze na jina maana hapo ndo tulipopotezwa mapema. Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT. Thamani ya nani? Mlaji anachokiona ni ongezeko tu. Ilipoanza tarehe 1 Julai 1998, enzi za Mkapa, TRA (Mamlaka ya Mapato) yenyewe ikiwa na miaka miwili tangu ianze kazi, baba mdogo alikuwa na duka la vitenge na mpaka anastaafu aliamini VAT ni kitu wamemtwisha yeye. Alikuwa akiongea utadhani serikali inaingia mfukoni kwake kila jioni. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia baba, hii siyo ya kwako, hii ni ya mteja, wewe umeishikilia tu.

Maana ndivyo ilivyo. Kabla ya VAT tulikuwa na ile kodi ya mauzo (sales tax) ya sheria ya 1976, inakabwa kiwandani na bandarini, ikiponyoka hapo imeponyoka. VAT ilitakiwa iwe janja zaidi, inamegwa kidogo kidogo kila hatua. Chukua hizo tailizi zangu. Tuseme mwenye duka kazinunua kwa jumla laki nne, juu yake kalipa VAT ya 18%, yaani 72,000. Mimi ananiuzia laki tano, juu yake nalipa VAT 90,000. Anachukua 90,000 yangu, anarudisha 72,000 yake aliyolipa kule, TRA anawapelekea 18,000. Faida yake ni laki moja na haijaguswa hata senti kumi. Aliyelipa zote 90,000 ni nani? Ni mimi na fundi wangu na jiko letu.

Haya, sasa rudi kwenye "bila risiti laki tano". Kama kweli mwenye duka alinunua mzigo kihalali, zimemtoka 472,000. Akiniuzia laki tano kabakiwa na 28,000. Niambie nani Gerezani anauza boksi 20 kwa faida ya 28,000 halafu alipe fremu, alipe wabeba mizigo, amlipe na huyo kijana wa mtandao unasumbua. Haiwezekani. Kwa hiyo ama mzigo wenyewe uliingia bila risiti tangu juu huko, ama ile 72,000 anaidai TRA kwa mauzo mengine wakati tailizi zangu kwenye vitabu vyake hazijawahi kuuzwa. Kwa hiyo jamani hilo "punguzo" tunalopewa siyo huruma, wala hatujapunguziwa faida yake, tumepunguziwa hela ya zahanati halafu tunamshukuru na tunamwambia Mungu akubariki.

Na tunavyoshiriki! Mimi mwenyewe, msinione malaika, ile meza ya kulia chakula nilichukua bila risiti na nilijiona mjanja wiki nzima. Wakati sheria iko wazi, mnunuzi asiyedai risiti naye ana faini. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" tumeisikia mpaka tumeichoka, mashine za EFD, zile za risiti za kielektroniki, zipo tangu 2010, na bado swali linaulizwa mchana kweupe, mlango wazi.

Nakubali, kwa shingo upande, wafanyabiashara nao wana yao. Mei 2023 Kariakoo walivyofunga maduka na Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kukaa nao pale Mnazi Mmoja, kero walizozitoa zilikuwa za kweli, ile kamatakamata ilikuwa imezidi. Bajeti iliyofuata kizingiti cha kusajiliwa VAT kikapanda kutoka mauzo ya milioni 100 mpaka 200 kwa mwaka. Sawa. Ila mazungumzo yote yale walikuwa wawili tu, anayekusanya na anayepeleka. Mwenye hela, yaani mlaji, sikusikia mtu anamtaja zaidi ya kuambiwa adai risiti.

Na pale alipokumbukwa ndo nikachoka zaidi. Bajeti ya 2018/19 waliondoa VAT kwenye taulo za kike, tukashangilia, mimi nilishangilia kwa sauti ofisini mpaka mabosi wakageuka. Mwaka mmoja baadaye msamaha ukaondolewa, sababu: bei haikushuka, walionufaika siyo walaji. Yaani mfanyabiashara akae na unafuu, adhabu aipate binti wa shule. Na kuna kitu pale hakikuelezwa vizuri: msamaha siyo sawa na kiwango cha sifuri. Bidhaa ikisamehewa, muuzaji harudishiwi ile VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake, anaizika ndani ya bei. Ikiwekwa sifuri, anarudishiwa. Walichagua msamaha, halafu wakashangaa bei kukaa palepale. Hasira zangu za mwaka 2019 bado zina moto.

Kiwango kilianza 20%, 2009 kikashuka mpaka 18%, na bajeti ya 2025/26 imeleta 16% kwa mlaji wa mwisho akilipa kwa benki au kielektroniki. Hili nalisifia, walau mtu amefikiria kumpa mlaji sababu ya kuacha cash. Ila mmeona wenyewe, unafuu wangu uliishia kwenye "mtandao unasumbua".

Basi nikalipa 590,000 cash, na risiti, kichwa juu, nikapanda bajaji ya mizigo na tailizi zangu najiona mzalendo. Nimefika nyumbani nimevua viatu nikaitoa ile karatasi niisome vizuri. Jumla: 177,000. VAT: 27,000.

Nikarudia kusoma nikidhani nimekosea sifuri. 177,000. Yaani 90,000 niliyoitoa mkononi, 63,000 haijawahi kuzaliwa, na laki tatu na nusu ya mauzo imeondoka nayo.

Nikampigia kijana. Kapokea vizuri tu, ana adabu zake: "Aah dada'angu, mashine ilikuwa inazingua ile siku. Njoo nayo Jumatatu tutakurekebishia."

Kesho ni Jumatatu. Ruhusa kazini nimeshaomba.