Mkwe Aliyeshindwa na Moto

Mimi nina miaka 43, watoto wanne na meza ya mitumba pale Isevya, Tabora mjini. Mwezi jana ungeniuliza, "Baba Zawadi, unajua kuwasha moto?" ningekucheka mpaka ununue suruali kwa aibu. Moto! Nani hajui moto?

Kumbe maisha yangu yote nawashiwa. Jiko la mkaa ni la Mama Zawadi. Akisafiri, mimi nilikuwa nachukua mfuko wa rambo, nauchoma, unadondosha machozi ya moto juu ya mkaa, basi, chai. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ile. Watu wakafurahia mazingira, mimi nikafiwa na ujuzi pekee niliokuwa nao. Tangu hapo Mama Zawadi akisafiri nakunywa chai mgahawani.

Sasa baba mkwe wangu ni mrina asali, kwao Sikonge. Akapiga simu: mwaka huu mgongo unamsumbua, mkwe aje amsaidie kubeba ndoo. Wito wa mkwe unaukataaje? Nikafunga meza, nikapanda basi.

Tukaingia porini. Mzee mbele na shoka begani, anatembea kama anakwenda kudai deni. Mimi nyuma na ndoo mbili, nahema. Wenyewe hurina giza likiingia, na lazima kuwe na moshi. Nyuki akiusikia moshi anaona pori linaungua, anakimbilia kujaza tumbo asali, na aliyeshiba hana haraka ya ugomvi. Mimi mwenyewe baada ya ugali niko hivyo hivyo.

Jua likashuka. Mzee akakaa kwenye gogo. "Mkwe, tuwashie moto."

Nikafungua begi kwa madaha. Kiberiti nilikiweka pamoja na kidumu cha maji, na kidumu, nadhani unajua kilichotokea. Njiti zilikuwa na vichwa laini kama uji wa ulezi. Ya kwanza ikaacha alama nyekundu kwenye boksi, ya pili ikavunjika. Nikakumbuka tulivyofundishana utotoni: njiti iliyolowa isugue kwenye nywele, itakauka. Nikavua kofia, nikapeleka mkono kichwani. Upara.

Mzee aliona. Akatazama pembeni, kwa heshima.

Hapo nikajitia ujuzi wa video. Kuna mzungu mmoja kwenye simu yangu, kila siku anapekecha kijiti juu ya kibao, dakika mbili moto huu hapa, na meno yake meupe. Nikaokota kibao, nikachonga kijiti, nikaanza. Robo saa. Viganja vikawa vyekundu, kibao kikang'aa tu kama kimepigwa vanishi.

"Mkwe," mzee akasema taratibu, "huo ni mninga. Huo ni wa vitanda."

Akatoa kwenye mkoba wake kibao cha mti mwepesi, mkavu, una vitundu vyeusi ubavuni. Kila kitundu kimechongewa mfereji mdogo, na chini yake mzee akaweka kipande cha gome. Akanielekeza: kijiti kinapekechwa kwa viganja viwili, mikono inateremka huku ikikandamiza, ikifika chini unairudisha juu upesi, usiache kipoe. Sikuacha. Moshi ukatoka! Unga mweusi kama kahawa ukaanza kujaa kwenye mfereji, kisha ndani ya ule unga nikaona kitu chekundu, kidogo kama jicho la panya. Jamani, niliitwa baba mara nne, lakini furaha ile ilikuwa nyingine. Nikainama nikipulize.

Jasho likatoka kwenye upara, likapita katikati ya nyusi, likasimama kwenye ncha ya pua. Nililiona. Nilishindwa hata kukohoa. Likadondoka. *Tss.*

Kwa baba yangu mzazi ningelia. Kwa baba mkwe unalia vipi? Nikasema, "Samahani baba."

"Si neno, mwanangu," akasema, akapokea kijiti. Akapekecha huku akiniuliza habari za Zawadi na darasa la saba, bila kukazia macho anachokifanya. Sikumaliza kujibu. Kaa likawa limeangukia kwenye gome, mzee akalifunika na nyuzi za magome alizofikicha, akapuliza pole pole kama anapoza uji wa mtoto, na moto huo. Kazi yangu ikabaki kukata majani mabichi ya kutoa moshi. Hayo niliyamudu, ingawa nusu ya moshi niliuvuta mimi.

Asali tulipata. Asubuhi mzee alizunguka lile jivu mara tatu, akamwaga maji, akafukia udongo, akagusa kwa kiganja. Moto wa Juni, alisema, unaweza kula pori zima wewe ukiwa umeshafika nyumbani.

Nilidhani mambo yataishia Sikonge. Nafika Isevya, Mama Zawadi ananipokea ndoo huku amebana midomo, na mtoto wa mwisho ananiita "Baba Tss." Simu ilikuwa imetangulia basi.

Jana kondakta ameleta mzigo kutoka kwa mama mkwe. Dumu la asali, na juu yake pakiti nzima ya viberiti, vimefungwa nailoni mara mbili na kukazwa kwa kamba.