Bango la "Limited" lingoje kwanza

Mdogo wangu huchomelea mageti pale Kariobangi Light Industries, Nairobi. Juzi usiku alinitumia ujumbe wa sauti, grainda ikilia nyuma yake: "Dada, wewe una kampuni huko Uingereza. Na mimi nisajili yangu?" Ikafuata picha ya bati alilochora bango kwa chaki: jina la marehemu baba, na mwishoni "Limited". Hiyo L ilikuwa kubwa kuliko jina la baba.

Hapa Leicester nilisajili kampuni yangu ya upishi mtandaoni wakati ada ilikuwa pauni 12 (Mei 2024 ikapandishwa hadi 50). Kilichonisukuma ni kodi. Faida ya kampuni ndogo hukatwa asilimia 19, ilhali mimi binafsi nikivuka pauni 50,270 kwa mwaka, kinachozidi hukatwa 40.

Ipeleke hesabu hiyo Nairobi uone inavyopinduka. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida tangu shilingi ya kwanza. Mtu binafsi huanzia 10. Mauzo yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kuna ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, uwe na kampuni usiwe nayo. Sasa fundi wa mageti anakimbilia nini? Ada ya kusajili, elfu kumi na ushee, si hoja, hulipwa mara moja. Mimi naogopa ritani, ile taarifa ya kodi ya kila mwaka. Mtu binafsi akichelewa, faini huanzia shilingi 2,000, kampuni, 20,000. Namjua mdogo wangu na tarehe.

Atasema kampuni ni ngao: ikifilisika, wadai hawagusi nyumba yake. Ndivyo sheria inavyosema, huku na huko. Lakini nilipokopa pesa za oveni na gari, benki ilinitaka nisaini kama mdhamini. Ngao nikaivua mwenyewe, kwa ile kalamu yao iliyofungwa mnyororo. Kwetu watakuomba logibuku ya gari au hati ya shamba, yale yale. Isitoshe, simu yake moja hupokea arubuni za mageti, karo za watoto na hela za dawa za mama. Hapo kampuni ni ipi na yeye ni yupi?

Kuna jambo moja linalonifanya nisite. Jirani yake wa karakana anataka washirikiane kununua mashine ya kukunja chuma. Kwa ubia wa kawaida, deni la mmoja huwafuata wote wawili. Hapo ningemwambia asajili kesho, hisa ziandikwe, na undugu ubaki nje ya mlango. Vivyo hivyo akipata mjenzi asiyelipa ila kampuni. Wala hahitaji kutafuta mtu wa pili ili fomu ijae: tangu sheria ya 2015, mtu mmoja anatosha kuwa na kampuni.

Lakini kusajili kwa ajili ya heshima, hapana. Huku mteja hulitafuta jina langu kwenye sajili kabla ya kutoa arubuni. Kariobangi humuuliza fundi wa pembeni: "Huyu jamaa humaliza kazi?"

Amekubali kuchukua laini ya pili, ya biashara tu. Bango bado hajalifuta.