Ndege Yote Ile, Kwenda Kukandika

Lavenham ni kijiji cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Kilitajirika zamani kwa kufuma nguo za sufu, na nyumba zake nyingi zimesimama tangu miaka ya 1400. Nasema "zimesimama" kwa heshima tu. Moja imeinamia barabara kama inasikiliza umbea, na jirani yake imeegemea hapohapo isipitwe. Mafundi wa enzi hizo waliunga mwaloni ungali mbichi, kwa vigingi vya mbao. Ukaja kukauka ukiwa tayari ni nyumba, ukajipinda utakavyo.

Mimi, fundi wa Tanga, niliitwa kutundika rafu ya sahani. Mlangoni nikagonga boriti kwa paji la uso. Boriti haikushtuka. Nikatoa pimamaji, nikafunga rafu, kiputo cha pimamaji katikati kabisa.

"Imekwenda upande," akasema bi mkubwa mwenye nyumba.

Nikamwonyesha pimamaji. Akanionyesha dari, sakafu na dirisha, vyote vimelala kulia. Mashahidi watatu kwa mmoja, kesi nimeshindwa. Humu rafu hufuata boriti iliyo karibu, kwa jicho, kisha unaipa ukingo mbele sahani zisiteleze.

Kuihamisha ndiko kulikoniponza. Ilitakiwa nitoboe mwaloni kwanza kwa keekee, kisha skrubu isiyoshika kutu, maana mwaloni una tindikali inayokula chuma cha kawaida. Nikaona uvivu. Nikashika nyundo na msumari wa inchi nne, katikati ya ukuta. Pigo la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kishindo upande wa pili kama gunia la mahindi limedondoka, na sauti: "Chai yangu!"

Nikachungulia tundu. Fito! Fito zilizosukwa, udongo, majani makavu. Nyumba ya kukandika, sawa na ya bibi yangu Pangani, ila hii inalindwa na sheria na kuibadilisha bila kibali ni jinai. Salama yako ni kurudisha kilekile kilichokuwapo. Saruji usithubutu: ni ngumu, nyumba ikicheza inapasuka, maji yanaingia, hayatoki, na mbao zinaoza humohumo.

Udongo uliodondoka hautupwi. Niliukusanya wote, nikautoa biskuti, nikauponda, nikauloweka usiku kucha. Asubuhi nikaongeza majani ya ngano na samadi ya ng'ombe, nikakanyaga peku juu ya turubai uani huku watalii wakinipiga picha. Kukandika kunataka watu wawili, kila mmoja upande wake, mkandamize kwa pamoja ili udongo ung'ate fito. Wa pili alikuwa bi mkubwa, na glavu zake za bustani. Ukishakauka kabisa ndipo inapakwa lipu: chokaa moja, mchanga tatu, na manyoya ya mbuzi ya kushikilia.

Tukiwa katikati ya kazi, mama akapiga simu ya video. Akatazama ukuta, akatazama miguu yangu.

"Mwanangu, ndege yote ile umepanda uende ukakandike?"

"Mama, hii ni nyumba ya kihistoria."

"Haya. Ila huo udongo umeutia maji mengi, utapasuka."

Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi mwenye cheti.

Wiki iliyofuata nilirudi na ndoo.