Wiki sita ni wiki sita

Tarehe 26 Februari mdogo wangu mmoja, Mtanzania mwenzangu tunayeishi naye mji mmoja huku Uswisi, alinitumia picha. Simbilisi watano kwenye kizimba kimoja: majike wake wanne ninaowafahamu, na dume mgeni, mweupe mwenye baka la kahawia jichoni. Chini ameandika, "Dada, hatimaye nyumba imepata baba!" Nikampigia palepale. Amehasiwa lini? Tarehe 11. Umemchanganya lini na wenzake? Tarehe 17. Kimya kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeanza kuogopa, "Lakini dada, si amehasiwa?"

Yeye simlaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni waliomkabidhi yule dume huku wakijua kabisa kwamba anakwenda kwa majike wanne. Walimwambia keshafanyiwa upasuaji, kidonda kimefunga, amchukue. Neno "amehasiwa" limekuwa kama muhuri wa serikali: likishatamkwa, hakuna anayeuliza tarehe. Na mimi nasema tarehe ndiyo ya kuuliza kwanza, kabla ya jina la mnyama, kabla ya umri wake.

Korodani zikitolewa leo, mbegu zilizokwisha kutoka bado zimo kwenye mirija, na zina uhai. Funga koki kuu ya nyumba halafu ufungue bomba la jikoni: maji yatatoka tu, mpaka yale yaliyobaki ndani yaishe. Kwa simbilisi, muda wa kuyamaliza hayo maji ni wiki 6. Najua wapo madaktari wanaosema 4, na sitabishana nao sana. Pengine madume wengi huwa wamekwisha safi kabla ya hapo. Lakini nani anayempima huyo wako? Hakuna. Jike naye huja kwenye joto kila baada ya siku 16 hivi, kwa saa chache tu, na zaweza kuwa saa za usiku wewe umelala. Inatosha mara moja. Dume aliyehasiwa angali kitoto, kabla hajabalehe, hana haja ya kungoja, hilo nalikubali. Lakini wengi tunaoletewa ni madume wazima.

Hili silisemi kwa kusoma tu.

Mwaka 2019 nilikuwa na majike watatu: Tausi, Karafuu na Bibi. Kituo kimoja cha wanyama waliotelekezwa kilinipa dume, mpole, mwenye manyoya ya mizunguko mizunguko kama kichwa cha mtoto aliyetoka kulala. Wakaniambia wiki 2 zimepita tangu ahasiwe, zinatosha. Nikaamini, maana wao ndio wazoefu, mimi nilikuwa mgeni wa mambo haya. Kumwingiza kundini kulikwenda vizuri mno. Nilipiga picha, nikamtumia shangazi yangu Njombe.

Miezi miwili baadaye Tausi alianza kutanuka ubavuni. Nilidhani ni majani mabichi, kwa kuwa msimu wa baridi ulikuwa umeisha na nilikuwa nawachumia kila siku. Jioni moja nimempakata, kitu kikanipiga teke kiganjani.

Tausi alikuwa na miaka 2 na hajawahi kuzaa. Wenye uzoefu na simbilisi wanajua maana yake. Jike ambaye hakuzaa mapema, kabla ya miezi 7 hivi, kiungo cha mbele cha nyonga hukaza, na siku ya kuzaa kinaweza kukataa kufunguka. Na vitoto vyenyewe si kama vya panya, vile vidogo vyekundu vya kupofuka. Mimba ya simbilisi huchukua kati ya siku 59 na 72, na kitoto hutoka kimekamilika: manyoya mwilini, macho yako wazi, meno yapo, baada ya siku moja mbili kinatafuna nyasi. Kichwa chake ni kikubwa. Tausi alisukuma tangu saa tisa usiku. Saa moja asubuhi tulikuwa mlangoni kwa daktari, akampasua. Vitoto viwili, vyote vimekufa. Tausi mwenyewe alizinduka kutoka kwenye nusukaputi, akala jani moja la giligilani, nikafurahi, nikasema amepona. Alikufa kesho yake mchana mikononi mwangu.

Karafuu, aliyekuwa bado mdogo, alizaa vitatu salama siku nne baadaye. Viwili vilikuwa madume. Kwa hiyo walipofika wiki 3 ikabidi watengwe na mama yao na dada yao, watafutiwe daktari, wahasiwe, watafutiwe makazi, na huku vituo vyote vimejaa madume wasiotakiwa na mtu. Haya yote yametokana na wiki 4 ambazo mtu hakutaka kungoja.

Haraka inatoka wapi? Nadhani sehemu yake inatoka kwenye sheria. Tangu 2008 Uswisi imekataza kufuga simbilisi mmoja peke yake, kwa sababu ni mnyama wa kundi, na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mwenzake akifa, mfugaji huhaha kutafuta mwingine wiki hiyohiyo, na vituo navyo vinataka kupunguza msongamano. Katikati ya haraka hizo mbili, siku 42 zinaonekana nyingi. Shangazi nilipomweleza habari za kuhasi alishangaa sana. Jikoni kwake simbilisi walikuwa wakikimbia nyuma ya mafiga, dume mmoja na majike wake, wakila maganda na majani ya mahindi. Dume wa ziada aliingia chunguni. Mpango ule ulikuwa na hesabu yake. Sisi tulioamua kwamba hawa hawaliwi, tumebaki na wajibu wa kufanya hesabu nyingine.

Simkatai dume, nieleweke. Hata jamaa zao wa porini kule Amerika ya Kusini huishi hivyo, dume mmoja na majike kadhaa, na nimeona kwa macho yangu ugomvi wa majike ukitulia akiwapo. Kumhasi hakumpunguzii udume wake. Mmoja tu lakini. Wawili kwa majike ni vita.

Zikishatimia hizo wiki 6, kosa la pili ni mkono wa mwenye simbilisi. Unawakutanisha mahali pasipo pa mtu, sakafuni, si ndani ya kizimba cha majike, na kila kijumba kina milango miwili ili asiwepo wa kubanwa pembeni. Marundo kadhaa ya nyasi kavu. Kisha unakaa chini na kutulia. Dume atanguruma, atatikisa makalio akiwazunguka, atawapanda. Majike watamgongea meno, watamrushia mkojo usoni, watamfukuza. Manyoya mawili matatu yatang'oka. Hayo ni mazungumzo yao, waache wamalize. Wakishikana na kubingirika kama mpira, au damu ikatoka, hapo ingilia, na utumie taulo nene, si mkono mtupu. Kinachoharibu ni kuwatenga kila wakinguruma, kisha kuwarudisha jioni, kisha kuwatenga tena. Kila ukiwarudisha wanaanza upya, na wanazidi kuchoka. Mara nyingi saa za mwanzo ndizo ngumu, ila kuelewana kabisa kwaweza kuchukua wiki mbili.

Dume niliye naye sasa, Kito, alingoja wiki 6 kamili upande wa pili wa wavu, akiwasikia na kuwanusa. Nilipomfungulia, Bibi alimfukuza chumba kizima kwa dakika 20. Usiku nilikuta wamelala ubavu kwa ubavu, mdomo wa mmoja umezama kwenye manyoya ya shingo ya mwenzake.

Mdogo wangu alimtoa yule dume jioni ileile niliyompigia simu. Yuko nyuma ya wavu, ana nyasi zake na pilipili hoho yake, na tarehe 25 Machi ndipo wiki 6 zitatimia. Lakini siku tisa alizokaa nao hazifutiki. Majike wote wanne wamevuka mwaka, hakuna aliyewahi kuzaa, na hatutakuwa na uhakika mpaka tarehe 9 Mei. Nimempelekea mizani yangu ya jikoni, anawapima kila Jumapili na kunitumia namba. Watatu hawajabadilika. Jumapili iliyopita yule mweusi alikuwa ameongezeka gramu 40.